Nilivyopunguza mrejesho wa chaneli kutoka biti 7,168 hadi 169

Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ya kuifanya simu iujulishe mnara hali ya chaneli, yaani njia ambayo mawimbi hupitia kati ya mnara na simu, kwa biti chache iwezekanavyo, bila mnara kupoteza mwelekeo wa kurusha mawimbi. Kazi hii ina uzito hasa katika mifumo ambayo kutuma na kupokea hufanyika katika masafa tofauti, kwa kuwa kile ambacho mnara unakisikia kutoka kwa simu hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ndicho simu inachokisikia kutoka kwa mnara. Simu haina budi kupima yenyewe na kurudisha majibu, na majibu hayo hula nafasi ileile ambayo mteja angeitumia kutuma data zake.

Nilichukua mnara wenye milango 32 ya antena na upana wa masafa wa megahezi 20 uliogawanywa katika vikanda 14. Kila mlango katika kila kikanda una namba changamano moja, yaani namba yenye sehemu mbili ambayo hueleza ukubwa wa wimbi na awamu yake (mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake). Ukizipa sehemu zake mbili biti 8 kila moja, unafika biti 7,168 kwa mkondo mmoja tu wa data. Mwisho wa pili wa kamba ni LTE (teknolojia ya mitandao ya 4G) ya toleo la 8, ambayo kwa antena nne ina jedwali la vekta 16 (kila vekta ni orodha ya namba, moja kwa kila antena, inayoelekeza mawimbi), na simu hurudisha biti 4 za kutaja vekta iliyochaguliwa. Biti ni chache kweli, ila vekta 16 haziwezi kueleza vizuri chaneli ya mtu ambaye mawimbi humfikia kwa njia kadhaa baada ya kugonga majengo.

Wengi huanza kwa kuuliza kila namba ipewe biti ngapi. Mimi niliona ni afadhali kuuliza kwanza ni namba ngapi zinazohitajika, nikafuata utaratibu wa toleo la 16 la viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu. Milango 32 ni jozi 16 zenye polarizesheni mbili (pande mbili ambazo wimbi hutikisikia), hivyo kuna miale 16, yaani mielekeo ya kurusha, ya kuchagua. Nilibakiza minne, na kwa polarizesheni mbili nikapata namba 8 kwa kila kikanda, yaani 112 kwa vikanda vyote. Kisha nilifanya mgeuzo wa Fourier kupitia vikanda 14, ili badala ya masafa nione muda ambao kila njia ya mawimbi inachelewa. Kwa kuwa njia zenye nguvu huwa chache, nilibakiza nafasi 4 za ucheleweshaji, zikabaki namba 32, na kati ya hizo nikaruhusu 16 tu zirudishwe.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu halisi. Programu ya kukokotoa vekta kuu ya kila kikanda, ile inayoonyesha mwelekeo bora wa kurusha, huitoa ikiwa na awamu yoyote ile, kwa sababu kihisabati vekta iliyozungushwa bado ni jibu sahihi. Awamu zikiruka ovyo kutoka kikanda hadi kikanda, mgeuzo wa Fourier husambaza nguvu katika nafasi zote 14, na ule uchache unaotegemewa hauonekani kabisa. Dawa ni kuizungusha kila vekta mpaka ilandane kadiri inavyowezekana na ya kikanda kilichotangulia. Mnara haupotezi chochote, maana mwelekeo wa kurusha haubadiliki. Uhuru huohuo unaruhusu namba yenye nguvu kuliko zote isogezwe kwenye nafasi ya kwanza ya ucheleweshaji, hivyo nafasi hiyo haihitaji kutajwa.

Hesabu ya biti ikawa hivi: 11 za kuchagua miale minne kati ya 16, na 4 za kuisogeza miale hiyo kidogo kipembe, 9 za kuchagua nafasi tatu zilizobaki kati ya 13, 32 za ramani inayoonyesha namba zipi zimerudishwa, 4 za kutaja iliyo kubwa kuliko zote na 4 za ukubwa wa rejea wa polarizesheni ya pili. Iliyo kubwa huhesabiwa kuwa moja, na namba 15 zilizobaki zilipata biti 7 kila moja, yaani 3 za ukubwa na 4 za awamu, ambazo ni 105. Jumla ni 169.

Ubora niliupima kwa mraba wa kosaini ya pembe kati ya vekta halisi na iliyorudishwa, wala si kwa kosa la kila namba, kwa sababu mnara unahitaji mwelekeo tu. Kosaini ya 0.9 hutoa 0.81, hasara isiyofika desibeli moja.

Ningeweza kuruhusu namba 24 badala ya 16 na kufika biti 226. Sikufanya hivyo, biti hizo niliona heri zitumike kurudisha taarifa mara nyingi zaidi, kwani gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita urefu wa wimbi zima la gigahezi 2, yaani sentimita 15, ndani ya milisekunde 9.