Mdomo usio na mlinzi

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, vifungo vya chini vya shati viko wazi, na nesi anamchora tumboni kwa kalamu ya wino mzito. Alimwambia asimame, akae, ainame. Kila alipobadili mkao nesi alitazama ile alama imeangukia wapi: isiwe kwenye mkunjo wa ngozi, isiwe pale mkanda wa suruali unapopita, na Baba mwenyewe aweze kuiona bila shida.

"Hapa ndipo daktari ataweka stoma yako, Mzee."

Nilikuwa na miaka 17. Wiki ileile darasani tulikuwa tumepaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, upande wa chini wa jani, tukaiacha ikauke, tukaibandua kwa selotepu na kuiweka chini ya hadubini. Nilikuwa nimechora stomata, vile vitundu vidogo vya jani, hadi mkono ukachoka. Basi nikaropoka: "Stoma si ya majani?"

Nesi akacheka. "Ya majani na ya watu. Neno la Kigiriki hilo, maana yake mdomo."

"Mdomo," Baba akarudia polepole, akifunga vifungo. Yeye hakucheka.

Uvimbe wake ulikuwa chini kabisa mwa utumbo mpana. Wangeukata, kisha ncha ya utumbo uliobaki waitoe nje kupitia ukuta wa tumbo, upande wa kushoto, na hapo ndipo choo kingetokea. Maelezo hayo nilikuwa nimeyasikia mara mbili kutoka kwa daktari na hayakuniingia. Lililoniingia ni neno. Usiku ule, badala ya kulala, nilifungua kamusi. Nikakuta kwamba stomatitisi haina uhusiano wowote na tumbo wala jani. Ni kuvimba kwa kinywa chenyewe, yaani mdomo wa kweli. Nikakuta pia kwamba plasenta si kondo la nyuma peke yake. Wataalamu wa mimea huita hivyo sehemu ya ovari ya ua ambayo viini vya mbegu vimeshikamana nayo. Nilishangaa, kisha nikaona sina haki ya kushangaa. Marcello Malpighi, Mwitalia aliyeziona kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kwenye pafu la chura mwaka 1661, alikuwa daktari, na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuvichungulia vitundu vya majani. Siku hizo mtu mmoja alikuwa na lenzi moja na macho mawili, anatazama chochote kilichomjia.

Siku chache baada ya upasuaji nesi alisema lazima mtu mmoja wa nyumbani ajifunze kubadilisha mfuko unaopokea choo. Mama alitazama dirishani. Nikasema mimi.

Nilitarajia kidonda, na hakikuwa kidonda. Kilikuwa kitu chekundu, kibichi, kinang'aa, kimeinuka kidogo juu ya ngozi, kama upande wa ndani wa mdomo wa chini ukiugeuza kwa kidole. Waliolichagua neno hawakukosea hata kidogo. Nesi aliloweka kitambaa laini kwenye maji ya uvuguvugu, akanionyesha kufuta kwa kugusagusa, bila kusugua, maana inatoka damu upesi. "Haimuumi," alisema, "stoma haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inayouma ni ngozi ya pembeni ikilowa." Ndiyo maana tundu la kibao cha kunata, kile kinachoushikiza mfuko kwenye ngozi, hukatwa kwa kipimo, likizidi stoma kwa milimita mbili tatu tu. La kwanza nililikata pana mno. La pili likawa yai. La tatu likakaa.

Nikiwa katikati ya kubandika, ile stoma ikajikunyata yenyewe, ikatoa hewa kwa sauti. Nilishtuka hadi nikadondosha mkasi.

Baba alikuwa kimya muda wote, macho darini. Sasa akauliza, "Mwanangu, hizo za majani nazo hufanya hivi?"

Nikamweleza, mikono bado inatetemeka. Kila kitundu cha jani kina seli mbili za ulinzi, zimepinda kama maharage mawili yanayotazamana. Zikijaa maji zinatanuka na kuachana katikati, kitundu kinafunguka, kaboni dioksidi inaingia, mvuke wa maji unatoka. Mmea ukibanwa na kiu, seli zinanywea, kitundu kinafumba. Kuna hata mimea ya jangwani inayofungua usiku tu, jua lisije likaikausha.

"Kwa hiyo jani linajizuia."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi?"

Nilimtazama nesi. Nesi akasema taratibu kwamba msuli wa kubana na kuachia, ule ambao mtu huzaliwa nao, haupo pale. Utumbo utatoa wakati wake ukifika, ndiyo kazi ya mfuko.

Baba akafikiri. Nilijuta kuzileta zile seli zangu za maharage katika chumba kile, nikaona nimemwonyesha tu kilichopungua mwilini mwake.

"Basi wamenichongea mlango," akasema hatimaye, "mlinzi wakamsahau."

Mama alicheka kwanza, bado ameuelekea mwanga wa dirisha, mabega yanamtikisika. Kisha akaja kitandani, akauokota mkasi sakafuni na kuniambia nimwonyeshe tena tangu mwanzo, maana lile la yai lilikuwa aibu.

Wiki mbili baadaye Baba alikuwa nyumbani, sebule imejaa wageni wa kumpa pole. Mzee mmoja alikuwa katikati ya dua ndefu pale mfuko ulipotoa ile sauti, wazi kabisa. Kila mtu akatazama miguu yake. Baba akaweka kiganja juu ya shati, upande wa kushoto.

"Endelea tu, ndugu yangu," akasema. "Mlinzi yuko likizo."