Namna Nilivyompata Mpandafarasi wa Kiume Katika Mchezo Usiokuwa Naye

Mchezo wa video ninaouzungumzia ni wa mtandaoni, unahusu farasi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila anayejiunga nao hupewa mhusika wa kike. Mchezaji anaweza kuchagua rangi ya ngozi, macho, nywele na mavazi, lakini hakuna mahali anapoulizwa iwapo angependa mhusika wa kiume, na hata jina huchaguliwa kutoka katika orodha ambayo majina yake yote ni ya kike. Mimi ni mwanamume, na napenda farasi. Nilitaka kumwona juu ya tandiko mtu ambaye ningeweza kusema ni mimi, bila kuuhama mchezo wenyewe.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuhamia kwingine, kwani michezo yenye wanaume na farasi ni mingi. Nilihamia, nikarudi. Katika Red Dead Redemption 2, uliotoka mwaka 2018, mhusika mkuu Arthur Morgan humsugua farasi wake kwa brashi, humlisha na kumtuliza kwa sauti, na kadiri wanavyozoeana ndivyo farasi anavyozidi kutii; hata hivyo farasi huyo ni wa safari na mapigano, na anaweza kuuawa kwa risasi, jambo ambalo kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya farasi ni zito kuliko waandishi wa hadithi walivyodhani. Katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa mwaka 2017, mhusika mkuu Link humnyatia farasi mwitu, humrukia mgongoni na kumbembeleza hadi atulie, lakini baada ya hapo farasi anageuka kuwa usafiri tu. Nyongeza ya The Sims 4 iliyotoka mwaka 2023, Horse Ranch, inampa mhusika wa jinsia yoyote nafasi ya kufuga na kupanda farasi, ila humo unamwamuru mhusika atende, wewe mwenyewe hushiki hatamu. Nilichokuwa nakitafuta ni kupanga hatua za farasi kabla ya kiunzi, kuhesabu umbali, kukata kona bila kumpunguzia mwendo. Hayo yalikuwa katika mchezo wa wasichana.

Kabla ya kulalamika nilijaribu kuelewa sababu, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mwili wa mhusika katika mchezo wa aina hii ni umbo lililovikwa juu ya mifupa ya kidijitali, na kila koti, suruali, buti na kofia hushonwa kwa kipimo cha umbo hilo. Ukileta umbo la pili, mavazi yote yaliyokusanyika kwa miaka huhitaji kupimwa upya, la sivyo bega litatokeza nje ya koti. Mienendo nayo, kuanzia kupanda na kushuka hadi kuinuka kwenye vikuku vya tandiko farasi anaporuka, hukaguliwa upya. Kisha kuna maneno: hadithi humwita mchezaji msichana, na katika lugha kama Kifaransa na Kipolandi jinsia ya anayeambiwa hubadilisha hata vivumishi na vitenzi, kwa hiyo sentensi nyingi zingehitaji kuandikwa mara mbili. Gharama hiyo ni ya kweli. Isitoshe, wasichana walikuwa na michezo michache iliyotengenezwa kwa kuwafikiria wao kwanza, na sikuona haki ya kuwataka wengine waone aibu kwa kuwa na mmoja walioupenda.

Pamoja na hayo, mchezo halisi wa kupanda farasi haukubaliani na mgawanyo huo. Katika Olimpiki wanaume na wanawake hushindana pamoja, katika mashindano yaleyale na kwa alama zilezile, iwe ni kuruka viunzi, dresaji, yaani kumwongoza farasi kwa hatua za madaha, au mashindano ya siku kadhaa yanayochanganya hayo mawili na mbio za nyikani. Tena historia ilianza kinyume kabisa: uwanja huo ulikuwa wa maofisa wa jeshi, na wanawake waliruhusiwa katika dresaji kwa mara ya kwanza mwaka 1952 mjini Helsinki, ambapo Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza miguu kuanzia magotini kwa ugonjwa wa polio, alipata medali ya fedha. Viunzi viliwafungukia mwaka 1956, na mashindano ya siku kadhaa mwaka 1964. Nilipoyafahamu hayo niliacha kuutazama mchezo wa video kama nyumba ya watu wengine niliyoingia kwa mlango wa uani.

Ufumbuzi wangu ulitoka palepale uwanjani. Nilikaa nikatazama picha za waruka viunzi, hasa Ian Millar wa Canada, aliyeshiriki Olimpiki 10 kati ya mwaka 1972 na 2012, nikagundua kwamba mavazi ya mashindano karibu hayatofautishi jinsia. Kofia ngumu hufunika nywele, koti huwa jeusi au la rangi nzito na hukatwa wima, suruali ni nyeupe, buti hufika chini ya goti, na mikono ina glavu. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na uso, ambao mchezo haukuniruhusu kuubadilisha sana, nilishughulika na umbo la nje. Nilichagua nywele fupi kuliko zote ili zisichungulie chini ya kofia. Nikachagua nyusi zilizo nzito, nikachukua rangi ya midomo iliyokaribiana na ya ngozi, nikaondoa kila kipambo. Koti nililotafuta ni lile lisilobana kiunoni, na hapo ndipo panapohitaji subira, kwa sababu makoti mengi ya duka la mchezo hubana. Yale yaliyonifaa yalikuwa miongoni mwa mavazi ya mvua na ya kazi za bandani, ambayo wachezaji wengi huyapita kwa kuwa hayapendezi. Nikivaa koti la mvua, suruali ya rangi ya udongo na kofia ngumu, aliye juu ya farasi akitazamwa kwa nyuma, ambako ndiko kamera hukaa karibu wakati wote, huonekana mwanamume bila shaka yoyote.

Kuna waliopendekeza nibadilishe faili za mchezo ili kuingiza umbo la kiume. Sikukubali. Mchezo wa mtandaoni hukagua faili zake, masharti yake hukataza jambo hilo, na akaunti ikifungwa farasi wote hupotea pamoja nayo. Zaidi ya hayo, mabadiliko ya namna hiyo huonekana kwenye kompyuta yako peke yako, na wengine wanaendelea kumwona msichana yuleyule.

Kuhusu jina, nilipitia orodha nikachagua lile ambalo katika nchi nyingine hupewa wavulana vilevile, na jina la ukoo nikalichukua lenye kutaja mlima. Wachezaji wengine waliendelea kuniita dada. Kwa wapita njia niliiacha ipite, kwa kuwa hakuna faida ya kumsimamisha mtu njiani kumfafanulia. Lakini katika klabu yangu niliwaeleza viongozi mapema kwamba mimi ni mwanamume mtu mzima. Hapa natoa angalizo kwa mwanamume yeyote anayefikiria kufuata njia hii: wengi wa wachezaji ni watoto wa kike, na wazazi wao wana haki ya kuwa na wasiwasi. Mimi huzungumza katika ubao wa wazi tu, sianzishi mazungumzo ya faragha, siulizi umri wala mahali mtu anapoishi. Kwa kulishika hilo, hakuna aliyewahi kunitilia shaka, na mazoezi ya pamoja ya dresaji nashiriki kama mwingine yeyote.

Hadithi kuu ilinishinda kuigeuza. Wahusika wake humwita mchezaji msichana mteule, na huwezi kufungua baadhi ya maeneo bila kuipitia. Niliamua kuisoma kama hadithi ya mtu mwingine ninayemsindikiza, nikaimaliza haraka, na tangu hapo muda wangu wote unakwenda kwenye mbio, viunzi na kulea farasi wachanga wa mafunzo.

Niliwaandikia pia watengenezaji, kwa heshima, na sikuanza na ombi la mwili mpya wa kiume, maana ningekuwa naomba kile kigumu kuliko vyote. Niliomba kwanza majina machache yasiyo ya jinsia moja, kisha makoti ya mashindano yaliyokatwa wima, kisha chaguo la kuitwa mpandafarasi badala ya msichana katika mazungumzo, na mwisho kabisa umbo la pili la mwili. Niliwaeleza kwamba mambo matatu ya mwanzo yangewafaa hata wanawake wengi wasiopenda kubanwa kiunoni. Jibu nililopata lilikuwa fupi na la adabu, la kwamba maoni yamepokewa. Baadaye makoti ya wima yaliongezeka dukani. Siwezi kudai kuwa ni kwa sababu yangu, ila nimeyanunua.

Kilichobaki kunisumbua ni sauti. Mpandaji anaporuka kiunzi hutoa mguno mfupi, na mguno huo ni wa binti. Katika mipangilio ya sauti nilikuta kwamba sauti za watu zina kidhibiti chao, mbali na muziki na mbali na sauti za mazingira, kwa hiyo nikizima hicho kimoja hubaki kwato, pumzi za farasi na mlio wa ngozi ya tandiko. Mazungumzo ya hadithi huyasoma yakiwa yameandikwa.