Jinsi nilivyofanikiwa kukagua folda ya pamoja kwenye Windows
Kwa wiki mbili, faili za malipo ya wakulima zilikuwa zikitoweka kwenye folda ya pamoja ya ofisi yetu ya ushirika hapa Ahero, nje kidogo ya Kisumu, ilhali kumbukumbu za usalama za Windows hazikuonyesha lolote. Nilikuwa nimekwisha kuwasha ukaguzi wa mfumo wa faili (yaani kurekodi nani anafanya nini kwenye faili) kwa amri ya auditpol, nikaizima na kuiwasha kompyuta, bila mafanikio.

Kumbe amri ile huruhusu ukaguzi tu. Folda yenyewe lazima ielezwe ni nani akaguliwe na kwa tendo lipi. Nilifungua sifa za folda, nikaingia sehemu ya usalama, kisha mipangilio ya kina, na kwenye ukurasa wa ukaguzi, uliokuwa mtupu kabisa, nikaongeza kundi la watumiaji wote na kuchagua ufutaji pekee, kwa sababu kukagua kila usomaji hujaza kumbukumbu upesi mno. Nikafuta faili ya majaribio: tukio namba 4663, linaloonyesha jaribio la kufikia faili, likaonekana papo hapo kwenye kumbukumbu, likiwa na jina la mtumiaji, la faili na la programu iliyotumika. Tukio namba 4660 huthibitisha ufutaji, ila halitaji jina la faili, kwa hiyo matukio haya mawili yasomwe pamoja.