Namasagali: stesheni iliyoishi kwa kupakua na kupakia

Anayefika Namasagali leo, kwenye ukingo wa mashariki wa Nile wilayani Kamuli, Uganda, hujiuliza reli ilifuata nini huku. Ilifuata pamba. Kati ya Jinja na hapa mto ni wa maporomoko, meli haipiti. Kuanzia hapa hadi Ziwa Kyoga na Masindi Port maji yametulia. Kwa hiyo Reli ya Busoga, ya geji ya mita (vyuma viwili vya njia vikiachana mita moja), iliyofunguliwa mwaka 1912, ilitoka Jinja ikaishia majini, kama kilomita 98.

Miaka ile reli hii haikuungana na nyingine yoyote. Fuata robota moja la pamba kutoka Kyoga: linashushwa melini na kupakiwa behewani Namasagali, linatiwa melini tena Jinja, linarudi behewani Kisumu, kisha linaingia meli ya bahari Mombasa. Mara nne mikononi mwa makuli, na kila mara pana gharama, mvua na wizi. Pamba ikilowa huoza. Ikikauka, cheche ya injini yatosha kuiteketeza.

Mwaka 1928 reli ya kutoka Kenya kupitia Tororo iliunganishwa Mbulamuti, stesheni ya Reli ya Busoga kati ya Jinja na Namasagali, hivyo behewa likapakiwa Namasagali na kwenda moja kwa moja mpaka Mombasa. Wengi wangesema hapo ndipo stesheni ilipopona. Naona kinyume: mwaka uliofuata tawi la Tororo lilifika Soroti, na pamba ya eneo la Teso, linalozunguka Soroti, haikuwa tena na haja ya kuvuka ziwa. Zilibaki shehena za Lango, eneo la kaskazini mwa Kyoga, na abiria wa kwenda Masindi Port, Butiaba kwenye Ziwa Albert, na Kongo.

Pigo la mwisho lilikuwa mvua za 1961 na 1962. Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2.5, na Nile ikaleta maji mengi mno. Kyoga ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita 3 hivi, kwa hiyo maji yakipanda kidogo tu hutambaa mbali. Magati yalifunikwa, na visiwa vya mafunjo vikang'oka na kuziba njia za meli. Huduma za meli zikasitishwa. Bila meli, kipande cha Mbulamuti hadi Namasagali hakikuwa na cha kubeba.

Majengo yalipata bahati kuliko reli: yakawa shule ya sekondari, Namasagali College, na baadaye kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. Ukitaka kuifuata njia ya zamani, tafuta tuta lenye kona pana. Barabara ya kijiji hukata kona ghafla, treni haiwezi.