Anwani mbili zisizojibu

Fomu ya mtoa huduma ilikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza kwa nini mteja anahitaji anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine mtandaoni, zaidi ya moja. Nilikijaza mpaka maandishi yakamwagika pembeni. Ilikuwa mwaka 2011, na kuomba anwani kulikuwa kumeanza kuwa kazi. Februari 3 ya mwaka huo IANA, wanaosimamia mgao wa anwani duniani, waligawa mafungu yao matano ya mwisho ya IPv4 kwa masjala tano za kanda, na ghala kuu likabaki tupu. Anwani ya IPv4 ina biti 32, kwa hiyo zote kwa jumla hazifiki bilioni 4.3. Mimi nilikuwa naomba fungu la /29, lenye nane. Kati ya hizo, ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, na nyingine huchukuliwa na lango la mtoa huduma, yaani kifaa chake kinachomuunganisha mteja na intaneti. Mteja hubaki na tano.

Sababu nilizoandika zilikuwa za kweli. Shemeji yangu ni mwalimu wa hisabati, na alikuwa na tovuti ya mazoezi ambayo wanafunzi wake waliingia kwa nywila. Mimi nilikuwa na tovuti yangu ya maandishi, nayo ina ukurasa wa kuingilia. Na nilitaka barua pepe za familia zikae kwenye diski yetu wenyewe. Nywila haifai kupita mtandaoni bila HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa na kuthibitishwa kwa cheti cha tovuti, na HTTPS wakati ule ilidai kila tovuti iwe na anwani yake. Mbinu ya kuweka vyeti vingi kwenye anwani moja, SNI, ilikuwapo kwenye vitabu vya wataalamu tangu 2003, lakini Internet Explorer ndani ya Windows XP haikuielewa, wala kivinjari cha simu za Android za wakati huo. Wanafunzi wa shemeji wengi walitumia XP. Sikuona haki ya kuwafungia mlango kwa sababu ya umri wa kompyuta zao.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo kisanduku hakikuiuliza. Nyumba nyingi zimeunganishwa na intaneti kwa upande mmoja tu. Kompyuta zake zina anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, zilizotengwa kwa ajili hiyo mwaka 1996, na zote hutoka nje kwa kujificha nyuma ya anwani moja ya ruta. Anwani hiyo yenyewe inaweza kubadilika modemu ikizimwa na kuwashwa. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuuliza, ila hakuna anayeweza kuijia na swali. Mtandao haukubuniwa hivyo. Ulibuniwa ili kila mashine iliyounganishwa iweze kuuliza na kujibu, na nilitaka sana mashine moja chini ya paa letu ipate haki hiyo kamili: iwe na anwani ya kudumu, rekodi ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ielekezwe pale mara moja, na kesho na mwakani iwe ile ile.

Seva, yaani mashine ya kuhudumia tovuti na barua hizo, ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi iliyozeeka. Niliichagua kwa makusudi: haili umeme mwingi, haina kelele, na betri yake huishikilia umeme ukikatika. Niliweka Debian, mfumo endeshi wa Linux, nikaweka Apache, programu ya kutoa kurasa za wavuti, nikafunga kila poti, yaani mlango wa mawasiliano, isipokuwa zile za tovuti, barua pepe na SSH, njia ya kuiendesha mashine kutoka mbali. Kwenye SSH nilizima nywila kabisa nikaruhusu funguo peke yake, maana mashine yenye anwani ya wazi huanza kujaribiwa na wageni kabla mwenyewe hajamaliza kuiwasha. Juu ya kifuniko nilibandika karatasi: HII NI SEVA, USIZIME. Kompyuta ya NeXT ambayo Tim Berners-Lee aliitumia CERN kuwa seva ya kwanza ya wavuti ilibandikwa onyo la namna hiyo hiyo, na nilifurahi kufuata nyayo zake hata kwa karatasi.

Fungu langu liliishia 40 hadi 47, kwa hiyo nitaziita anwani kwa tarakimu hizo za mwisho. Lango la mtoa huduma lilikuwa 41. Kwa muda wa mwanzo ruta yangu ilizishika zote tano, 42 hadi 46, ikipokea maombi na kuyapeleka ndani kwa seva. Mpangilio huo ulifanya kazi, ila ruta ilikuwa dhaifu. Wanafunzi wakiingia wengi kwa wakati mmoja, orodha yake ya miunganisho ilijaa na nyumba nzima ikakosa intaneti. Nikaamua kuitoa ruta njiani. Modemu ingepitisha tu bila kuingilia, kisha swichi ya kugawa waya za mtandao, na kwenye swichi mashine mbili zikae sambamba: ruta ibaki na 42 kwa ajili ya nyumba, seva ichukue 43, 44 na 45 moja kwa moja kwenye kadi yake ya mtandao. Tovuti yangu ingekuwa 43, ya shemeji 44, na barua pepe 45.

Kazi hiyo niliifanya Jumamosi usiku, wanafunzi wakiwa hawana zoezi la kukabidhi. Niliziondoa anwani kwenye ruta, nikaziandika kwenye seva, nikachomeka waya, nikawasha. Nikiwa ndani ya nyumba nilifungua tovuti zote mbili. Zilikuja upesi kuliko zilivyowahi kuja. Barua pepe nayo ikaitika. Nikampigia shemeji, anayeishi mbali na kwangu, ajaribu kutokea kwake.

"Shemeji, ya kwako imefunguka vizuri," akasema. "Yangu inazunguka tu."

"Subiri kidogo, kisha ujaribu tena."

"Nimesubiri. Bado inazunguka."

Nikamwomba ajaribu na 45. Kimya vilevile. Anwani tatu, kwenye kadi moja, kwenye waya mmoja, zimeandikwa kwa mtindo mmoja. Moja inajibu dunia nzima, mbili zinajibu nyumbani tu. Nilipitia sheria za faiwali, programu inayoruhusu au kuzuia miunganisho, mstari kwa mstari na hazikuwa na ubaguzi wowote kati ya anwani hizo. Nikapiga simu kwa mtoa huduma. Fundi wa zamu alinisikiliza kwa adabu, akaangalia, akasema: "Ndugu, huku kwetu fungu lako lote linaelekezwa kwako. Hakuna kilichofungwa." Alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichofanya jambo liwe gumu.

Kukiwa na fumbo la mtandao, mimi huacha kubishana na mipangilio nikaenda kutazama pakiti zenyewe, vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Programu ya tcpdump huonyesha kila kinachopita kwenye kadi. Niliiwasha kwenye seva, nikamwomba shemeji afungue tena tovuti yake. Hakuna kilichotokea kwenye skrini. Si kwamba pakiti zilifika zikakataliwa, hazikufika kabisa. Kama fungu lote linaelekezwa kwangu na seva haioni kitu, basi pakiti zinashukia mahali pengine ndani ya nyumba hii hii. Na mahali pengine palikuwa pamoja tu.

Ruta yangu ilikuwa inaendeshwa na OpenWrt, mfumo wa Linux kwa ajili ya ruta, hivyo niliweza kuwasha tcpdump juu yake pia, upande wa nje, kwa chaguo la -e linaloonyesha anwani za MAC, yaani zile namba za biti 48 za kadi za mtandao. Shemeji akabonyeza. Hapo hapo mistari ikashuka: pakiti za kwenda 44, bahasha ya nje ikiwa imeandikwa namba ya MAC ya ruta. Ruta haikuwa tena na anwani hiyo, kwa hiyo haikuzitambua, na safari yao iliishia hapo.

Nilisimama. Sababu yote ilikuwa imeandikwa kwenye mistari ile.

Lango la mtoa huduma linapotaka kutuma pakiti kwa 44, halijui kadi ipi inamiliki 44 mpaka liulize. Linauliza kwa ARP, itifaki aliyoiandika David Plummer mwaka 1982: nani ana anwani hii? Aliye nayo hujibu kwa namba yake ya MAC, na lango huandika jibu kwenye jedwali lake ili lisiulize kila mara. Vifaa vingine hutunza jibu kwa dakika chache tu. Ruta za Cisco, zisipobadilishwa, hulitunza kwa sekunde 14,400, ambazo ni masaa manne mazima. Lango letu lilikuwa limekumbuka tangu zamani kwamba 43, 44 na 45 zote ni za ruta yangu, na halikuwa na sababu ya kuuliza upya. Kompyuta za ndani zilifika bila shida kwa sababu ruta, baada ya kunyang'anywa anwani zile, iliuliza upya na seva ikaitika.

Kwa nini basi 43 ilipona? Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Seva ilipowaka ilihitaji kutoka nje, na ili itoke ilibidi iulize lango lina MAC gani. Swali hilo la ARP hubeba anwani ya muulizaji na MAC yake. Linux huuliza kwa anwani ya kwanza ya kadi, nayo ilikuwa 43. Lango liliposikia swali likajibu, na papo hapo likasahihisha jedwali lake, kama Plummer alivyoagiza: ukisikia kutoka kwa mtu ambaye tayari umemwandika, andika upya namba yake. 44 na 45 hazikuwa zimewahi kufungua kinywa. Zilihamia nyumba mpya bila kupiga hodi, na mlinzi wa geti akaendelea kuelekeza wageni wao nyumba ya zamani.

Dawa yake ni kuzifanya ziseme. Amri ya arping inaweza kuuliza swali la ARP kwa anwani yoyote ambayo mashine inaimiliki. Niliiambia iulize lango, 41, kwa jina la 44. Jibu lilirudi mara moja. Sikuwa hata nimeshusha mkono kutoka kwenye kibodi pale tcpdump ya seva, niliyokuwa nimeiacha wazi kwenye dirisha jingine, ilipoanza kumwaga mistari. Nikafanya vivyo hivyo kwa 45.

"Imefunguka!" Shemeji alipaza sauti mpaka nikasogeza simu. "Umefanya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia Plummer, na kwa kuwa ni mwalimu aliniuliza maswali mazuri, likiwamo hili: je, umeme ukikatika na betri ikaisha, mambo yatarudi kama yalivyokuwa? Kwa anwani hizi hapana, maana lango sasa limeshaandika MAC sahihi. Lakini nikibadilisha kadi au kompyuta, ndiyo. Kwa hiyo usiku ule ule niliongeza mistari kwenye faili la mipangilio ya mtandao, kila kadi inapoamka iulize lango mara moja kwa niaba ya kila anwani iliyo juu yake.

Kisha nikampigia fundi wa zamu, kwa sababu alikuwa amenipa muda wake na kwa sababu sikutaka mteja mwingine akae usiku kucha akilaumu faiwali isiyo na kosa. Alinyamaza akisikiliza, halafu akasema, "Ndugu, subiri nichukue kalamu." Akaniomba nimtajie amri herufi kwa herufi, akanisomea alichoandika. Nami nikamwomba jambo moja: rekodi ya DNS ya kinyumenyume ya 45, inayotoka kwenye anwani kwenda kwenye jina. Mimi nisingeweza kuiandika mwenyewe, maana eneo hilo la DNS lilikuwa mikononi mwa mtoa huduma, na bila rekodi hiyo seva nyingi za barua pepe hukataa barua au kuzitupa kwenye taka. Aliniuliza jina la seva, akaliandika, na rekodi ikawekwa tukiwa bado kwenye simu.