Kuhe wa miamba ya Katonga

Jumamosi nilikuwa nasugua kibati cha spina, ile ndoana ya kuvulia yenye kibati kinachozunguka majini, kwa dawa ya meno pale kwenye sinki, vidole vimekuwa vyeusi kwa uchafu wa shaba, binti yangu akaja na mswaki wake. Akatazama weee, kisha akauliza: "Baba, kwani samaki anakula chuma?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba anadanganyika, anadhani ni dagaa. Akaridhika, akapiga mswaki, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki pale na ile harufu ya mnanaa, na jibu langu halikuniingia mwenyewe.

Bamdogo naye alikuwa akisugua kwa dawa ya meno. Spina ni hiyohiyo. Alipewa na mfanyabiashara wa Zambia aliyeshuka na meli ya Liemba kutoka Mpulungu, akamwachia badala ya pesa ya kutengenezewa redio. Likizo ya Juni 1996 akanikabidhi pamoja na fimbo yake, tukaenda kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, upande wa Katonga, kabla jua halijapanda.

Tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu nilirusha na kuvuta, nikarusha na kuvuta. Sikupata hata wa kunigusa. Nilikuwa navuta kwa pupa, spina inapanda juu inaparaza maji, na mshipi umejisokota hadi unajikunja vitanzi kila ninapoulegeza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilitaka kulia.

"Lete hapa," Bamdogo akasema.

Akaiinua usawa wa jicho. Waya wake ulikuwa umepinda kidogo, pengine niliugonga kwenye jiwe, mimi hata sikuona. Akaunyoosha kwa koleo polepole, anageuza, anatazama tena. Waya ukipinda, kibati kinazunguka nusu kisha kinakwama. Kwenye kile kipete kidogo kinachoshikilia kibati palikuwa na uzi wa majani ya majini, mwembamba kama unywele. Akauchomoa kwa sindano. Akakata mshipi uliosokotwa, akautupa mfukoni, si ziwani, halafu akafunga kiungo cha shaba kinachojizungusha, shibiri mbili juu ya spina, ili ule msokoto uishie pale usipande kwenye mshipi. Mwisho akanoa ndoana zote tatu kwenye jiwe na kuzijaribu moja moja kwenye ukucha wa dole gumba. Ndoana ikiteleza juu ya ukucha, bado. Iking'ang'ania, tayari.

"Hiki kibati ni cha duara," akaniambia. "Cha duara hakitaki mbio. Kile chembamba kama jani la mwembe ndicho cha kuvuta kasi. Na usimtafute samaki kwanza, mwanangu. Kitafute kibati."

Nikarusha. Akanishika mkono nisianze kuvuta. Tukahesabu pamoja, kwa sauti ya chini, hadi saba, spina ikizama. Kisha akaniambia niistue mara moja, kwa nguvu, kukiamsha kibati, halafu nivute taratibu kama mtu anayekunja uzi wa sufu.

Ndipo nikakisikia. Hadi leo sijapata namna nzuri ya kuieleza hali ile. Kitu kilianza kudunda mbali ndani ya maji, kikapanda kwenye mshipi, kikapita kwenye fimbo, kikafika kwenye vidole. Du-du-du-du. Umewahi kumshika kifaranga mkononi ukausikia moyo wake? Ni vile. Nilipoharakisha, mdundo ukawa mtetemo mkavu. Nilipopunguza mno, ukafa. Katikati palikuwa na mwendo mmoja tu ambao kibati kilitulia na kupiga sawasawa, na nikajua bila kuambiwa kwamba ndio wenyewe. Bamdogo akauona uso wangu, akauachia mkono wangu. Maji ya Tanganyika mnayajua yalivyo maangavu. Nilianza kuiona spina ikija, nuru ndogo inayopepesa juu ya mchanga kati ya mawe mawili.

Akatoka ubavuni mwa jiwe. Hakuinyemelea. Aliipiga, kama mtu anayemfukuza mwizi mlangoni.

Sikumbuki vizuri nilivyomtoa. Nakumbuka fimbo ikipinda na Bamdogo akisema "mwache aende, mwache aende." Alikuwa kuhe, mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni na zaidi, njano yenye kukolea tumboni, mabaka meusi ubavuni. Ndoana imemwingia hadi kwenye shavu la ndani, damu inatoka. Nilikuwa napiga kelele kwa furaha.

Bamdogo hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama maji.

Palikuwa na kuhe wa pili. Alimfuata mwenzake hadi chini ya mwamba tuliosimama. Na nyuma yake, juu ya ule mchanga, palikuwa na kitu kama moshi kinachotembea. Ilikuwa vifaranga vya samaki, mamia kwa mamia, kila kimoja hakizidi punje ya mchele.

"Huyu hakuwa na njaa," Bamdogo akasema. Kisha akaniuliza kwa upole: "Unamtaka?"

Nikasema namtaka.

Jioni mama mdogo alipompasua, tumbo lilikuwa tupu, kuta zake zimeshikana. Miaka mingi baadaye nikasoma walivyoandika wataalamu wa samaki wa Tanganyika: kuhe baba na mama hulinda watoto pamoja, hawali wakati huo, na inaaminika huzaa mara moja tu maishani. Tulimla kwa ugali. Alikuwa mtamu sana, siwezi kusema vinginevyo.

Nimevua kwa spina ile karibu miaka thelathini. Nanyoosha waya, nanoa ndoana, nakitafuta kibati kabla ya samaki, na bado vidole vyangu hufurahi kikianza kudunda. Lakini nikiona pazuri kati ya mawe, husimama kwanza nikatazama mchanga, hata kama wenzangu wameanza kurusha.

Usiku nilimwambia binti yangu ukweli, kwamba yule samaki wangu wa kwanza hakudhani ni dagaa. Akafikiri kidogo.

"Na yule mwenzake?"

Nikamwambia tulipokuwa tunaondoka nilimwona. Alikuwa amerudi juu ya watoto. Samaki wadogo wenye mistari walikuwa wameanza kusogea kutoka pande zote mbili, naye anakwenda huku, anarudi huku.