Siku Moja Maishani Mwangu: Nesi, Ngiri na Majimaji

Saa 12:45 asubuhi. Napokea zamu. Naanza na mama aliyeshonwa ngiri kubwa ya tumbo siku nne zilizopita. Nainama kusoma chupa ya mrija unaotoa majimaji kwenye kidonda chake: mililita 45 tangu jana, na rangi imetoka kwenye wekundu hadi manjano mepesi. Anataka mrija utolewe leo. "Vumilia kidogo, mama. Tunangoja majimaji yashuke chini ya mililita 30 kwa siku."

Saa 3:20. Kliniki ya marudio. Anaingia baba mmoja ametanua miguu, uso umemshuka. Ngiri yake ya kinena ilikuwa imeteremka mpaka kwenye pumbu. Ilirudishwa na akawekewa wavu wa kuimarisha pale palipolegea. Leo ni siku ya tisa.

"Mwanangu, imerudi. Au ndiyo limekuwa busha?"

Hajalala siku mbili. Navaa glavu, nagusa. Uvimbe ni laini, unacheza chini ya vidole, hauna joto, ngozi haijawa nyekundu. Namwomba akohoe: hausukumi mkono wangu. Analala chali: hauingii ndani. Hana homa. Daktari anapitisha ultrasaundi, na kwenye skrini pale penye uvimbe pana weusi mtupu. Ni maji. Hakuna utumbo.

Namwonyesha. "Baba, ngiri ilikaa hapa miaka mingi ikajitanulia nafasi. Yenyewe imeondoka, nafasi imebaki, mwili umeijaza majimaji. Kitaalamu yanaitwa seroma."

"Basi yanyonyeni."

Kila mtu huomba hivyo, na namwelewa. Lakini sindano inaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye wavu, na wavu ukishaambukizwa huenda ukalazimika kutolewa kwa upasuaji mwingine. Tena maji yakinyonywa, mara nyingi hujaa upya. Yakiachwa, kwa wengi mwili huyafyonza wenyewe ndani ya wiki kadhaa, pengine miezi mitatu. Namshauri avae chupi inayobana na asinyanyue mizigo. Naichora mipaka ya uvimbe kwa kalamu ili aone mwenyewe unavyopungua.

Anaponyanyuka anauliza kwa upole: "Mbona hamkuniambia mapema?"

Swali hilo limenikaa kifuani. Siku ya kuruhusiwa alipewa dawa, tarehe ya kurudi, basi. Usiku mbili za hofu zingeepukwa kwa maneno ya dakika tatu.

Saa 6:00. Wapo wanaohitaji sindano. Dada huyu ngozi ya tumbo imevutika hadi inang'aa, hawezi kuinama. Daktari anasafisha mara mbili, anatoa mililita 120. Maji safi, hayana harufu. Anavuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya wiki.

Saa 7:30. Kijana mwenye homa, mshono mwekundu unaotoa usaha. Huyu si wa kusubiri nyumbani. Analazwa papo hapo.

Saa 9:10. Wodini kuna kaka wa ngiri anayeruhusiwa kesho. Zamu inakaribia kuisha, lakini navuta kiti. Namweleza habari ya majimaji, kisha namtaka anirudishie.

"Uvimbe ukitokea siku ya saba?"

"Nitakohoa nione kama unasukuma. Halafu nitakuja mnipime."

"Ukiwa na homa, wekundu, maumivu makali au kutapika?"

"Siku hiyohiyo, nesi. Hata kama ni usiku."